Makasha ya Chini ya Meza

Mtu anayeshinda chini ya meza za wenzake hujifunza mambo mengi asiyoyaomba. Hujua nani anavua viatu kazini, nani soksi zake zimetoboka, na ni mkuu gani wa idara anayebandika chingamu kwenye mguu wa meza kama mtoto wa shule. Bisibisi aliyajua yote hayo na hakuna hata moja lililomfurahisha.

Asubuhi hiyo alikuwa chini ya meza ya Mhasibu Mkuu, magoti sakafuni, akipuliza vumbi kutoka kwenye tumbo la kompyuta. Kampuni yao iliuza vigae na masinki, na kule uani, chini kabisa ya madirisha ya ofisi, mashine ya kukatia vigae ililia kutwa nzima. Vumbi lake jeupe lilipanda ngazi bila kualikwa. Liliingia katika kila kasha lenye feni, likajazana humo mpaka feni ikakwama, na feni ikikwama kompyuta hupata joto ikazima katikati ya kazi ya mtu. Hapo ndipo jina la Bisibisi lilipoitwa kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Jina lenyewe hakupewa na wazazi wake. Walimbandika kazini kwa sababu siku zote alikuwa na bisibisi kaichomeka kwenye nywele, naye alishachoka kulikataa.

"Mwanangu, leo imezima tena," Mhasibu Mkuu alisema kutoka juu. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye kitambaa chake maalumu cha kulifutia kasha la kompyuta kila asubuhi. "Unaifanya nini kila siku na haiponi?"

"Naipuliza vumbi, mzee."

"Jana si uliipuliza?"

"Na kesho nitaipuliza, maana na kesho vigae vitakatwa."

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Alikuwa kaka yake, aliyebaki nyumbani na mama yao, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Mama kapewa tarehe," kaka alisema. "Miezi miwili kuanzia sasa wanamtoa mtoto wa jicho. Subiri, mwenyewe ananinyang'anya simu."

"Huyu mtoto wa jicho anatolewa," sauti ya mama ikaingia. "Mtoto wa tumbo ndiye sijui kama atakuja."

"Nitakuja, mama."

"Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo. Sauti yako naijua mpaka unavyokohoa. Sura ndiyo inaanza kunipotea. Wakinifungua bandeji nataka nikuone wewe kwanza. Kaka yako nitamwona baadaye, yeye haendi popote."

Bisibisi aliahidi, huku vumbi la vigae limemjaa puani. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila kukanyaga nyumbani. Kila alipoomba likizo kulitokea mashine ikafa, naye alirudi chini ya meza kama kuku anayerudi bandani.

Alikwenda kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, na wema huo ndio uliomchosha. Mtu mbaya unamkasirikia yakaisha. Huyu hakumkatalia mtu jambo lolote. Alilichukua jambo lako, akalifunga ndani ya methali, akakurudishia, ukatoka nalo mlangoni huku unamshukuru.

"Likizo yako ipo, binti yangu, nani kakunyima?" alisema. "Ila mashine zitulie kwanza. Ukiondoka zikazima, nani atazizindua?"

"Bosi, zinazima mwaka wa tatu huu."

"Basi tafuta dawa yake, tena kwa utaratibu. Mwenda pole hajikwai."

Dawa alikuwa nayo. Alikuwa nayo tangu mwaka uliopita, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza. Sasa alipangiwa kikao na wakuu wa idara zote, akaingia na kiboksi kimoja cheusi, kikubwa kama kitabu cha sala, akakiweka katikati ya meza.

"Hiki ndicho kila mtu atakachokuwa nacho," aliwaambia. "Hakina feni, kwa hiyo vumbi halina pa kushika. Hakiweki kitu ndani yake. Kazi zenu zote zitakaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa iliyo kwenye kile chumba chenye kiyoyozi, na kiboksi kinawaletea tu mnachokiona kwenye kioo. Leo hii kila mtu ana jiko lake chini ya meza, ana mkaa wake, ana moshi wake, na mimi ndiye ninayezunguka kupuliza moto. Tupike chungu kimoja, kila mtu alete sahani."

Aliwapa na hesabu. Kompyuta zao zilikuwa zimezeeka na lazima zibadilishwe. Bei ya kompyuta moja mpya ilikaribia kununua viboksi vitatu, umeme wa kiboksi ulikuwa mdogo kuliko wa taa ya mezani, na chenyewe kingedumu karibu mara mbili ya kompyuta. Mtu akichomeka flashi yenye virusi, hataambukiza ghorofa nzima. Kiboksi kikifa, mtu atahamia meza ya jirani, ataingiza nywila yake, na kazi yake ataikuta ilivyokuwa, hata ile sentensi aliyoikatiza katikati.

"Na chungu kikiungua?" Mhasibu Mkuu aliuliza. "Wote tunalala njaa."

Lilikuwa swali la maana na Bisibisi alilipenda. Alijibu kwamba seva zitakuwa mbili, moja ikianguka ya pili inaendelea, na kwamba gharama ya hiyo ya pili alishaitia kwenye hesabu. Mzee alitikisa kichwa, akaonekana ameridhika. Kisha alikiokota kiboksi, akakipima uzito kwenye kiganja.

"Karani wangu naye atapewa hiki hiki?"

"Hiki hiki, mzee."

"Na Mkurugenzi?"

"Naye hiki hiki."

Wakuu wa idara wakatazamana, na Bisibisi akajua amekwisha. Kampuni ile ilikuwa na mila yake ambayo haikuandikwa popote. Mtu akipanda cheo alibadilishiwa kasha la kompyuta. Karani alikuwa na kasha dogo, mkuu wa kitengo alikuwa na la kufika gotini, na siku mtu anapokuwa mkuu wa idara, watu wawili walilibeba kasha lake jipya kupita katikati ya ofisi huku wenzake wamesimama wanapiga makofi. "Hongera kwa kasha," waliambiana wiki nzima. Na ndani yake makasha yote yalikuwa karibu sawa. Hilo alilijua Bisibisi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeyafungua.

Mhasibu Mkuu alikirudisha kiboksi mezani polepole. "Mimi niko hapa tangu nywele zangu nyeusi," alisema. "Lile kasha sikuliokota."

"Tusikimbilie," Mkurugenzi akasema. "Haraka haraka haina baraka. Tulitafakari."

Bisibisi alijua tafakari ya pale ilivyo. Kulikuwa na pendekezo la kuhamisha mashine ya kukatia vigae ambalo lilikuwa bado linatafakariwa tangu alipoajiriwa. Alitoka amekasirika. Angekataliwa kwa sababu ya bei angeelewa, maana bei hujadiliwa. Sasa huyu mzee utamjadili nini, na mama anahesabu siku kwa sababu ya bati tupu lililo miguuni mwake?

Muuzaji wa viboksi alikuwa amemwazima vinane vya kujaribia, muda usiozidi mwezi. Jumamosi, ofisi ikiwa haina mtu isipokuwa mlinzi aliyesinzia mlangoni, Bisibisi aliyatoa makasha ya idara ya hesabu, moja baada ya jingine, akayafungua. Alinakili kazi zao zote kwenye seva, kisha akaondoa kila kilichokuwamo, akakipanga kwenye katoni ndani ya chumba cha seva. Katika kila kasha tupu alibandika kiboksi kimoja kwa utepe wa gundi, akapitisha nyaya kwenye tundu la nyuma, akafunga skrubu zote kama zilivyokuwa. Akayainua. Yalikuwa mepesi mno, mtu angesukuma moja kwa kidole cha mguu akashtuka. Akashuka uani, akaokota vigae vilivyovunjika, akarudi kuyaongezea uzito. Mwishoni kilibaki kiboksi kimoja, nacho akakipeleka moja kwa moja kwenye kasha la Mkurugenzi, lile kubwa kuliko yote.

"Nimezifanyia sevisi," aliwaambia Jumatatu. Alijua anadanganya, wala hakujisingizia kwamba ni vinginevyo.

Wiki tatu hakuna aliyemwita kutoka idara ya hesabu. Vumbi lilipanda ngazi kama kawaida yake, likatua juu ya makasha, likafutwa kwa kitambaa. Bisibisi alidhani utulivu huo utampa raha. Ukamtia uchungu zaidi.

"Kumbe ulikuwa unaweza," karani mmoja alimwambia kwenye ngazi. "Ulikuwa unatubania tu."

Mhasibu Mkuu naye alikuwa akiwaita watu waje wasikilize. "Tega sikio," alisema, akigongagonga kasha lake kwa upendo. "Halitoi hata mlio. Kasha kubwa ni kasha kubwa, hivi vidude vya kisasa tuwaachie wanaopenda vidude." Bisibisi alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Ilibidi ainywe ikiwa bado inaunguza ili mdomo upate shughuli.

Kikao cha pili kiliitishwa ofisini kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na furaha.

"Subira yavuta heri," alianza. "Mashine zimetulia. Yangu mwenyewe imekuwa kama imezaliwa upya. Kwa hiyo hatununui kitu, hizi hizi zinatutosha, zifanyiwe sevisi zote. Vile viboksi mrudishie mwenyewe Ijumaa. Na wewe, binti yangu, sikukusahau." Akasukuma karatasi mezani. "Likizo yako. Nimeshatia saini."

Bisibisi aliichukua. Alikuwa nayo mkononi, likizo kamili, na siku ya mama imo ndani yake. Aliwaza kunyamaza, tena aliwaza kwa dhati. Angeweza kuyarudishia makasha matumbo yake ya zamani, akamrudishia muuzaji viboksi vyake, akapanda basi. Kisha vumbi lingefanya kazi yake, kompyuta ya kwanza ingezima hata nguo hajazitoa kwenye begi, na simu ingeita. Alimwona mama amekaa na bandeji usoni, anasikiliza mwanawe akiaga. Hasira za miaka mitatu zikampanda zote kwa pamoja.

Aliiweka karatasi mezani, akapiga magoti, akalivuta kasha la Mkurugenzi hadi katikati ya chumba. Akachomoa bisibisi kwenye nywele. Wakuu wa idara walimtazama anavyofungua skrubu. Ubavu wa kasha ulipotoka, kipande cha kigae kikateleza, kikaanguka sakafuni.

"Nini hiki?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kigae, bosi. Cha bafuni."

"Na kompyuta yangu?"

"Iko kwenye katoni, wiki ya tatu sasa. Unachotumia ni hiki hapa." Alikibandua kiboksi, na utepe wake ukining'inia, akakiweka juu ya karatasi ya likizo. "Ndiyo maana inaonekana imezaliwa upya. Idara ya hesabu yote iko hivi."

Mhasibu Mkuu alikohoa. "Na langu?"

"Na lako, mzee."

"Lina kigae?"

"Vipande viwili. Lako kubwa."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Mhasibu Mkuu hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. "Nilikuwa nalifuta kila asubuhi," alisema tu, na Bisibisi akaona aibu, aibu ya kweli, kubwa kuliko alivyotegemea.

"Umetudanganya, binti yangu," Mkurugenzi alisema.

"Nimewadanganya. Ukweli niliuleta kwanza, mkasema mtautafakari."

Mkurugenzi aliichomoa karatasi ya likizo chini ya kiboksi, akaikunja. Kule uani kigae kikakatwa mwanzo hadi mwisho.

"Sasa hesabu zako nimezielewa," hatimaye alisema. "Viboksi tutanunua, kwa kampuni nzima. Lakini viingie ndani ya makasha, hivi hivi ulivyofanya. Sitaki watu wajione wameshushwa. Ukimaliza yote, likizo yako hii hapa."

Bisibisi alipiga hesabu akiwa bado amepiga magoti. Kuweka viboksi juu ya meza ilikuwa kazi ya siku mbili, labda tatu. Kufungua kila kasha, kulitoa utumbo, kubandika, kulijaza vigae na kulifunga tena, ghorofa tatu, mtu mmoja, siku ya mama ingepita akiwa ghorofa ya kwanza. Alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Bosi, wewe una methali nyingi, mimi nina moja. Ngoja ngoja huumiza matumbo." Akainuka, akapangusa magoti, akaiweka bisibisi mezani mbele yao. "Mimi viboksi nitaviweka juu ya meza. Mwenye haja na kasha lake, chombo hiki hapa, aingie chini ya meza akajifungie mwenyewe. Vigae viko uani, havina bei."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkuu wa mauzo aliangalia suruali yake, mpya, rangi ya maziwa. Mwingine alijifanya anasoma simu. Mkurugenzi alimtazama mmoja baada ya mwingine, wote wakatazama dirishani.

"Magoti yangu hayawezi hayo," Mhasibu Mkuu alisema mwishowe, bila kumwangalia mtu. "Langu liweke juu ya meza."

Basi yakaisha hivyo. Ungedhani yameisha. Lakini kununua ni saini, na saini ilikuwa ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi alitaka kwanza amuulize shemeji yake ambaye anazielewa kompyuta. Shemeji alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa na mafua. Bisibisi alikuwa akipita mbele ya mlango ule kila asubuhi na kila jioni, na kila mara aliambiwa kitu chenye vina ndani yake. Kila jioni kaka naye alikuwa akiuliza kwenye simu, "Vipi, unakuja?" naye alikuwa akijibu kwamba anakuja.

Viboksi vilifika wiki ile ile ya upasuaji. Alivifunga mwenyewe, ghorofa zote tatu, kwa siku tatu, hakula kwa kukaa hata mara moja. Makasha yakatolewa yakapangwa uani kando ya vigae vilivyovunjika, yakaanza kupata rangi moja na vumbi. Mkurugenzi alimkabidhi karatasi yake huku akimwambia mvumilivu hula mbivu. Bisibisi alikuwa ameshaanza kukimbilia basi.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi ya siku ile basi likiwa bado njiani. Aliyeonekana kwanza alikuwa muuguzi, na wa pili kaka.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeanza kushuka. Mama alikuwa amekaa barazani, anatazama kila kitu kwa zamu na kukitia kasoro, ukuta wa kaka uliobanduka rangi, ndoo isiyosuguliwa, shati la kaka lenyewe. Kisha akamtazama Bisibisi aliyesimama mbele yake na begi.

"Karibu, mama," mama yake alisema kwa adabu, kama unavyomkaribisha mgeni. "Unamtafuta nani?"

"Mama."

Mama akainamisha kichwa, akategesha sikio. "Sema tena."

"Mama, ni mimi."

"Sauti ni ya mwanangu," mama alisema taratibu. "Njoo karibu nikuone." Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. Akafika kwenye nywele, pale bisibisi inapochomekwa. "Na hizi mvi?"

"Ni vumbi la vigae, mama."

Mama akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Akasugua tena, kama alivyokuwa akimfuta uso alipokuwa mdogo. Bisibisi alitaka kulia, akakasirika kwamba anataka kulia, na simu ikaita.

"Binti yangu, habari za safari?" Alikuwa Mkurugenzi, na sauti yake ilijaa wema. "Nimeona nikupe moyo. Mashine zimetulia, haijazima hata moja tangu uondoke. Kumbe hata usipokuwepo mambo yanakwenda. Ungejiendea zako siku nyingi."

"Asante, bosi," Bisibisi alisema, akakata.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Kazini."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ningeweza kuja zamani."

"Si ndicho nilichokuwa nakuambia," mama alisema, akalowesha kidole tena.